Kozi Tatu kwa Wiki Sita? Kabla Hujajisajili, Soma Hii

Juzi saa tisa usiku simu yangu ililia. Ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, yule aliyehamia Lowell, Massachusetts, na wazazi wake akiwa darasa la saba. Kule kwao ilikuwa saa mbili usiku na alikuwa kwa basi akienda kazini. Ujumbe wa sauti wa dakika nne. Nitawapunguzia: anataka kuwa daktari, yuko mwaka wa pili chuoni, na kiangazi kinakuja. Amebaki na kozi za sayansi ambazo lazima azimalize kabla aombe nafasi shule ya udaktari. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Bro, nichukue ngapi? Nataka tatu. Kemia ya kaboni, fizikia na biolojia. Zote kwa wiki sita, niondoe hiyo stori."

Nilicheka kwanza, kwa sababu mimi ndiye mtu wa mwisho unafaa kuuliza. Mimi niliacha chuo. Mnajua hiyo stori, sijawahi kuificha hapa. Lakini sikulala tena. Nilikaa nikiwaza: nani aliamua kwamba mtu lazima apitie kemia ya kaboni ndiyo aruhusiwe kujifunza kutibu malaria? Na nani aliamua kiangazi ni wakati wa kumalizia haya mambo? Basi nikafanya kile mimi hufanya. Nikaingia kwa historia.

Kwanza tuelewane, maana hapa Kenya mambo ni tofauti. Hapa ukimaliza Fomu Foo na pointi zako zikafika, unaingia udaktari moja kwa moja, miaka sita. Marekani hakuna hiyo. Unafanya digrii ya kwanza, kwa kawaida miaka minne, halafu ndiyo uombe shule ya udaktari, miaka mingine minne. Ndani ya ile digrii ya kwanza unatafuta nafasi ya kuweka biolojia, kemia ya jumla, kemia ya kaboni na fizikia, nyingi zikiwa za mwaka mzima na maabara juu yake. Siku hizi biokemia pia inatakiwa sana. Hiyo njia ndiyo wanaita primedi. Njoroge Mungai, aliyekuwa waziri wetu wa afya tulipopata uhuru 1963, aliipita: alitoka Fort Hare kule Afrika Kusini akaenda Stanford, na udaktari akaumaliza 1957.

Sasa, haikuwa hivyo tangu zamani. Miaka ya 1860 huko Marekani, kuwa daktari ilikuwa kama kujiunga na chama. Ukiwa na karo, karibu. Shule nyingi zilikuwa za maprofesa wenyewe, kama biashara. Mwanafunzi alisikiliza mihadhara ya takriban wiki 16, mwaka uliofuata akarudi kusikiliza mihadhara ileile tena, akapewa cheti. Wengi walimaliza bila kugusa mgonjwa.

Charles Eliot alipokuwa rais wa Harvard 1869, alitaka wanafunzi wa udaktari wafanye mtihani wa kuandika. Profesa wao wa upasuaji, Henry Bigelow, akapinga. Sababu yake? Kwamba zaidi ya nusu ya wanafunzi hawangeweza kuandika vizuri. Yaani msee anakaribia kukupasua tumbo na insha hawezi. Hapo ndipo walikuwa.

Mabadiliko makubwa yalikuja Baltimore, 1893, shule ya udaktari ya Johns Hopkins ilipofunguliwa. Pesa zilikuwa zimeisha kabla shule ianze. Mwanamke mmoja tajiri, Mary Elizabeth Garrett, akatoa zaidi ya dola 300,000, lakini kwa masharti. La kwanza: wanawake waingie sawasawa na wanaume. La pili: mlango uwe juu. Kila anayeingia awe na digrii, awe amesoma sayansi za msingi, na aweze kusoma Kifaransa na Kijerumani. Darasa la kwanza lilikuwa na wanawake watatu. Inasimuliwa kwamba William Osler, mmoja wa madaktari wakubwa wa enzi hiyo, alimtania mwenzake William Welch kuwa wana bahati wameingia kama maprofesa, kwa maana kama wanafunzi wasingeingia kamwe.

Kwa hivyo primedi ilianza na nia nzuri, na kwa sehemu ilianza na mwanamke aliyetaka wanawake wapewe nafasi. Shikilia hiyo, tutairudia.

Halafu akaja Abraham Flexner. Huyu hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa shule kutoka Louisville, Kentucky. Taasisi ya Carnegie ilimtuma kuzunguka Marekani na Kanada kukagua shule zote za udaktari, 155. Ripoti yake ilitoka 1910 na ilichoma. Alikuta maabara zisizo na vifaa na shule zilizouza vyeti tu. Kati ya zote 155, ni 16 pekee zilizodai mwanafunzi awe na angalau miaka miwili ya chuo kabla ya kuingia. Flexner akasema hiyo miaka miwili iwe ndiyo kiwango cha chini kabisa, na ndani yake kuwe na kemia, biolojia na fizikia.

Mnaiona? Hizo tatu. Orodha ya binamu yangu iko karibu sawa na orodha ya mwaka 1910.

Ripoti ilisaidia, siwezi kukataa. Mimi sitaki kupasuliwa na mtu aliyelipa karo akapewa cheti. Lakini kulikuwa na bei, na si wote walioilipa. Shule dhaifu zilifungwa moja baada ya nyingine, na kufikia 1935 zilibaki 66. Wakati wa ripoti kulikuwa na shule saba za udaktari za Waamerika Weusi. Flexner alipendekeza mbili tu zisaidiwe: Howard kule Washington na Meharry kule Nashville. Zile tano zingine zilikufa zote kufikia 1923. Na hata alipowatetea madaktari Weusi, aliandika kana kwamba kazi yao ni kutibu watu wao tu. Mlango ulipopandishwa juu, hakuna aliyeweka ngazi kwa wale waliokuwa chini.

Ngazi yenyewe ilikuwa wakati. Kusoma miaka miwili, baadaye minne, ya sayansi kabla hata ya kuanza udaktari kunahitaji mtu anayekulipia chakula. Maskini wa 1910 hakushindwa na kemia. Alishindwa na kodi ya nyumba.

Hapo sasa ndipo kiangazi kinaingia.

Vyuo vya Marekani vilikuwa vinafunga Juni hadi Agosti, majengo yanakaa bure. Mwaka wa 1871 Harvard ilianza masomo ya kiangazi, na mtaalamu wa mimea Asa Gray akafundisha walimu wa shule. Miaka miwili baadaye Louis Agassiz akafungua shule ya kiangazi kwenye kisiwa kidogo cha Penikese, hukohuko Massachusetts, walimu wanaume kwa wanawake wakachungulia viumbe wa baharini. Na Chuo Kikuu cha Chicago kilipofunguliwa 1892, rais wake William Rainey Harper aliugawa mwaka mara nne na kufanya kiangazi kiwe muhula kamili kama mingine.

Angalia waliolengwa: walimu. Watu wenye kazi. Watu ambao Septemba hadi Mei wako darasani wakifundisha watoto wa wengine. Kiangazi kilikuwa mlango wa nyuma wa wale ambao mlango wa mbele uliwataka wawe na muda wa kununua.

Na mtu aliyepita huo mlango vizuri kuliko wote ninaowajua ni Ernest Everett Just.

Kama jina hilo ni geni kwako, si kosa lako, hata mimi sikufunzwa. Just alizaliwa Charleston, South Carolina, 1883, kijana Mweusi. Mamake alikuwa mwalimu. Alimaliza Dartmouth 1907 na heshima za juu, lakini vyuo vikubwa vya Wazungu havikuwa vinaajiri Mwafrika-Mmarekani kufundisha. Akaenda Howard. Akataka kusomea shahada ya uzamivu, lakini kazi alikuwa nayo, na kazi ndiyo iliyomlisha. Afanyeje?

Kuanzia 1909, kila chuo kikifunga, Just alipanda treni hadi Woods Hole, kwenye pwani ya Massachusetts, palipokuwa na maabara ya viumbe wa baharini iliyofunguliwa 1888. Mkuu wake Frank Lillie alikuwa pia profesa wa Chicago, kwa hivyo kazi ya Woods Hole ingehesabiwa Chicago. Na hapa nataka usome polepole. Kiangazi cha kwanza, 1909, Just alichukua kozi ya wanyama wa baharini wasio na uti wa mgongo. Kiangazi cha 1910 akachukua kozi ya embriolojia, yaani jinsi yai linavyogeuka kuwa kiumbe. Halafu akaanza kufanya utafiti na Lillie.

Kozi moja. Kiangazi kimoja. Kisha nyingine.

Alikaa akichunguza mayai ya minyoo ya baharini usiku na mchana, akijua saa ambayo hutaga, akijua yai zima kwa kulitazama tu. Alipata watu waliomdharau pale kwa rangi yake. Aliendelea. Mwaka wa 1915 akawa mtu wa kwanza kupewa nishani ya Spingarn ya NAACP. Akaomba ruhusa kazini, akaenda kukaa Chicago, na 1916 akapata shahada yake ya uzamivu. Tangu ile safari ya kwanza ya kiangazi ilikuwa miaka saba. Baadaye wenzake walikuwa wakimwendea yeye kuuliza namna ya kutunza mayai maabarani, na Howard alifundisha hadi wanafunzi wa udaktari. Wale wale wa shule ambayo Flexner aliiacha hai.

Najua mtu atasema: lakini kuna watu wamebana na wakafaulu. Ni kweli, na mfano bora ni Flexner mwenyewe. Digrii yake ya Johns Hopkins aliimaliza kwa miaka miwili, 1884 hadi 1886. Kijana wa miaka 17 anaingia, 19 anatoka. Alibana kwa sababu familia haikuwa na pesa za miaka minne. Kaka yake mkubwa Jacob, aliyekuwa na duka la dawa, ndiye aliyelipa.

Sasa weka hao wawili pamoja. Flexner alibana na akatoboa, maana kuna mtu aliyemlipia ile miaka miwili akasoma tu. Just hakubana, maana hakuna aliyemlipia, alikuwa mwajiriwa. Hakuna aliyekuwa na akili kuliko mwenzake. Kila mmoja alipiga hesabu ya saa alizokuwa nazo.

Hiyo hesabu ndiyo mimi sikupiga.

Niliposhindwa kufikisha pointi za udaktari, nilipelekwa biokemia. Nikasema sawa, nitazunguka. Mwaka wa pili karo ikachelewa, nikakosa mitihani, nikabaki na yuniti nne nyuma. Likizo ndefu ikafika, Mei hadi Agosti, na chuo kikaruhusu tusome. Nikajisajili yuniti tisa. Tisa! Mchana nilikuwa kwa duka la M-Pesa la jirani, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, siku sita. Nilijiambia ni bidii. Marafiki wakaniita mashine, na mimi nikapenda hilo jina. Nilifeli tano. Hata zile nne nilizopita, sikumbuki kitu, niulize enzaimu ni nini nitakuambia ni kitu iko kwa sabuni ya unga. Septemba nilikuwa na deni, aibu, na karatasi ya alama ambayo sikuweza kumwonyesha mama. Sikuacha chuo siku moja. Nilianza kuacha siku ile nilipojaza hiyo fomu.

Ndiyo maana nilimpigia binamu yangu asubuhi yake tukachukua kalamu. Kule Marekani hesabu ya kawaida ni hivi: kwa kila krediti moja, wiki moja, saa moja darasani na saa mbili za kujisomea, kwa wiki 15. Kozi ya sayansi yenye maabara huwa krediti nne. Nne mara tatu mara 15 ni saa 180. Kiangazi hakipunguzi hizo saa. Kinazisukuma tu. Ukibana kozi hiyo iwe wiki sita, ni saa 30 kila wiki.

Binamu yangu anafanya kazi saa 32 kwa wiki katika nyumba ya kutunza wazee. Wakenya wengi huko mnaijua hiyo kazi: kuinua, kuosha, kugeuza, usiku kucha. Wiki ina saa 168. Toa saa nane za usingizi kila siku, zinabaki 112.

Kozi tatu ni saa 90, na kazi 32. Jumla 122. Zimezidi zile 112. Yaani hata kama asingepanda basi, asingepika na asingeenda kanisani, bado lazima angeiba usingizi.

Kozi mbili ni 60 na 32, jumla 92. Zinabaki saa 20. Gawanya kwa siku saba, ni chini ya saa tatu kwa siku za kula, kuoga, kusafiri na kuwa binadamu.

Kozi moja ni 62. Zinabaki saa 50. Hapo mtu anaweza kupumua. Hapo mtu anaweza kurudia swali la kemia hadi alielewe, badala ya kulikariri.

Alinyamaza. Halafu nikamwambia jambo la pili, ambalo ni zito zaidi. Mfumo ambao shule nyingi za udaktari huko hutumia kupokea maombi, AMCAS, huhesabu kila jaribio la kozi. Ukifeli ukarudia ukapata A, ile ya kwanza haifutwi, zote mbili zinaingia kwa wastani. Kwa hivyo kiangazi kibaya hakiishi Agosti. Kinakufuata hadi kwa meza ya wanaokuchagua.

Shangazi alikuwa anasikiliza. Akachukua simu. "Wewe uliacha shule, utamshauri nini mtoto wangu? Hapa kila mwaka ni pesa. Akichelewa ni mimi nalipa."

Shangazi hakukosea, na sitajifanya alikosea. Kozi za kiangazi zikimpunguzia mtoto wake muhula mmoja, ni pesa nyingi kweli. Mwaka wa ziada kwa familia inayolipa kwa kuosha wazee si kitu cha kuambiwa upuuze na kijana wa vidio. Nilimjibu kwa heshima: "Shangazi, mimi nimeacha, ndiyo. Lakini mimi nilijua bei ya kuchelewa. Bei ya kufeli nilikuwa sijaambiwa, na ndiyo ilikuwa kubwa."

Akasema hmm. Mkiwajua mashangazi wetu, hiyo hmm si ndiyo na si hapana.

Hii ndiyo rai yangu basi, na haiko kwa wa Marekani peke yao. Iko hata kwa wewe uliye Juja, Njoro au Maseno ukijaza fomu za likizo ndefu. Ukiwa na mtu anayekulipia kila kitu na huna kazi, chukua mbili, na kama moja ni nyepesi, kama takwimu, hutajuta. Ukiwa unafanya kazi, chukua moja, ile ngumu, uipe kiangazi chote. Tatu usijaribu hata kama wewe ndiye uliyeongoza kaunti. Na kama sheria za chuo zinakuruhusu kujisajili tisa, usidhani hiyo ni dalili kwamba unaweza. Fomu haijui unalala saa ngapi.

Mary Garrett alipoweka masharti magumu alikuwa anafungulia watu mlango. Miaka 17 baadaye masharti ya aina hiyohiyo yalisaidia kufungia wengine. Masharti hayana roho. Kinachoamua ni kama uliye mlangoni una wakati wa kuyatimiza, na kama huna, basi ni kuugawa ule ulio nao vipandevipande kama Just, kiangazi baada ya kiangazi, bila kuona haya kwamba wengine wamekutangulia.

Jana binamu amenitumia picha ya skrini. Chuo chao kina vipindi viwili vya kiangazi. Amejisajili kemia ya kaboni pekee kwa kipindi cha kwanza. Cha pili amekiacha wazi, ataamua akiona alama. Chini yake ameandika: "Mum amesema usijisifu."

Sijisifu. Mimi bado nina yuniti tano. Nimeanza kuuliza kama chuo kinaweza kunirudisha, na nikirudi, najua nitajaza ngapi.